Vichwa Vitano vya Mashine ya Wembe kwa Ndevu za Kipilipili

Kwa muda wa wiki kumi, tangu mwishoni mwa kiangazi hadi mvua zilipokolea hapa Kigoma, nimenyoa ndevu zangu kwa mashine tano za wembe zenye vichwa vya maumbo tofauti. Kila moja niliipa wiki mbili kamili, nikitumia nyembe za aina moja, sabuni moja na maji yale yale ya bomba yanayovutwa kutoka ziwani. Nimesumbuliwa na vipele vya ndevu shingoni tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba kosa ni la ngozi yangu, au la sabuni, au la wembe wenyewe, bila kukitazama hata siku moja kile kipande cha chuma kinachoushika wembe huo. Tathmini hii inahusu kipande hicho.

Mashine ninayoizungumzia ni ile ambayo wazee wetu waliitumia kabla ya nyembe za plastiki za kutupa kujaa madukani: mpini wa chuma, na juu yake kichwa kinachofungwa kwa hesi na kuubana wembe mmoja mwembamba wenye makali pande mbili. Mmarekani King C. Gillette alianza kuiuza mwaka 1903, na katika mwaka huo wa kwanza ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu; hati ya kulinda ubunifu wake aliipata Novemba 1904. Tangu wakati huo wembe wenyewe haujabadilika sana kwa umbo. Ungali bati la chuma lenye unene wa takriban milimita 0.1, linaloweza kupindwa kwa vidole viwili. Kilichobadilika mara nyingi ni kichwa, na ndicho kinachoamua kama bati hilo jembamba litakata unywele au litakwaruza ngozi.

Asiyewahi kuishika mashine hii na aitazame randa ya seremala. Katika mwalo wa Kibirizi nimesimama mara nyingi nikiwaangalia mafundi wa boti wakilainisha mbao, na mambo wanayoyarekebisha kabla ya kusukuma randa ndiyo yale yale yanayohusika hapa. La kwanza ni mwanya, yaani nafasi iliyopo kati ya makali na ukingo wa bamba la chini, ambao nitauita kinga kwa sababu hutangulia mbele ya wembe na kuibonyeza ngozi ilale. La pili ni mchomozo: ukichora mstari kutoka ukingo wa kifuniko cha juu hadi kwenye kinga, makali yanaweza kuwa nyuma ya mstari huo, sawa nao, au yakachomoza mbele yake. La tatu ni ubanaji, yaani kifuniko na bamba vinaushika wembe karibu kiasi gani na makali yake. Fundi wa boti akilegeza kabari ya randa yake, kisu hutetemeka na ubao hutoka na mawimbi, hata kama kisu hicho kimenolewa vizuri jana yake.

Wauzaji na wanunuzi wengi huzungumzia mwanya peke yake, kwa kuwa ni rahisi kuupima na kuuandika kwa namba. Mwanya mpana huitwa mkali, mwanya mdogo huitwa mpole, na mjadala huishia hapo. Baada ya wiki kumi naamini kwamba kwa ndevu za kipilipili ubanaji ndio unaotangulia, mchomozo hufuata, na mwanya huja mwisho.

Sababu yake iko kwenye ndevu zenyewe. Nywele za ndevu za wengi wetu hujipinda tangu zikiwa ndani ya vishimo vyake. Zikikatwa fupi mno, ncha iliyochongoka hubaki chini ya uso wa ngozi, na inapoendelea kukua hujikunja na kuitoboa ngozi kutoka ndani. Au hutoka nje, ikageuka na kuingia tena kama mwiba. Mwili huupinga mwiba huo, ndipo vinapotokea vipele, usaha, na hatimaye makovu meusi. Nyembe zenye makali mawili na zaidi yaliyopangwa moja nyuma ya jingine upande mmoja, ambazo Gillette ilianza kuziuza mwaka 1971, huliongeza tatizo hili kwa namna zilivyoundwa, kwani kali la kwanza huuvuta unywele juu na la pili huukata kabla haujarudi, ukabaki chini ya ngozi. Kwa hiyo kichwa bora kwa mtu wa aina yangu si kile kinachoacha kidevu laini kuliko vyote. Ni kile kinachokata usawa wa ngozi kwa mpito mmoja au miwili, bila kuuvuta unywele na bila kumlazimisha mtu kurudia mahali pamoja. Wembe unaotetemeka humlazimisha arudie, na kurudia huko ndiko kulikoniharibu shingo.

Kabla ya majaribio haya nilikuwa na mashine ya kipepeo, ile ambayo ukizungusha kitako cha mpini milango miwili hufunguka juu na wembe huwekwa katikati. Niliinunua kwa mchuuzi mmoja, haikuwa na jina la mtengenezaji, na sikuiingiza katika hesabu ya vichwa vitano. Hata hivyo imenifundisha jambo ambalo mkazi yeyote wa mji huu anapaswa kulijua. Maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya magadi, kipimo chake cha pH kikikaribia 9, tena yana magnesi nyingi. Yakikutana na sabuni huacha utando mweupe unaong'ang'ania. Katika kichwa cha kipepeo utando huo hujificha kwenye bawaba za milango, mahali ambapo brashi haifiki. Baada ya miezi michache mlango mmoja ulikuwa haufungi sawasawa na mwenzake, upande mmoja wa wembe ukawa umebanwa na mwingine ukining'inia. Siku moja ikaniponyoka ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, na fimbo ya ndani ikakatika kwenye hesi. Zipo mashine za kipepeo zilizoundwa kwa uangalifu mkubwa, na Gillette iliziuza kwa wingi baada ya mwaka 1947, lakini kwa maji yetu sitanunua tena kichwa ambacho hakiwezi kuvunjwa vipande na kuoshwa kila upande.

Vichwa vyote vitano vilivyofuata vinafunguka kabisa.

Cha kwanza kilikuwa cha marehemu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Ni Tech ya Gillette, muundo ulioanza kuuzwa mwaka 1938, na hii yetu imepigwa chapa ya kutengenezwa Uingereza. Muundo wa Tech uliondoa meno ya vichwa vya awali na kuweka kinga nzima, yaani ukingo usiokatwa, unaoilaza ngozi bila kuiruhusu iingie katikati. Krome yake imeisha kwenye pembe hadi shaba ya njano inaonekana, lakini hesi bado inashika kama mpya, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu vyombo vingi vya umri huo. Kifuniko chake kimepinda vya kutosha kuukunja wembe na kuufanya mgumu, na makali hayachomozi. Kwa wiki mbili shingo yangu haikutoa kipele kipya hata kimoja. Upole huo una gharama yake: niliponyoa kila siku Tech ilitosha kabisa, ila nilipoziacha ndevu kwa siku tatu ililazimu kupita mara tatu kidevuni, ambako nywele zangu ni nene, na mpito wa tatu ndio ambao mwenye ngozi kama yangu anapaswa kuuepuka. Ni kichwa cha mtu anayenyoa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kwa mtu huyo sina neno la kukipinga.

Cha pili ni R89 ya Mühle, kampuni ya Stützengrün katika jimbo la Saxony nchini Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1945. Kichwa hiki ndicho kilichomo pia katika mashine ya DE89 ya Edwin Jagger ya Sheffield, kwa hiyo anayeipata moja amepata nyingine kwa upande wa unyoaji. Nilikitazama kwa muda mrefu kikiwa kikavu, nikikiinua kuelekea dirishani. Kifuniko na bamba hukutana na wembe karibu sana na makali, pande zote mbili, hivyo sehemu iliyobaki wazi ni ndogo. Unapoanza kunyoa unasikia mlio mdogo wa nywele zikikatika, bila ule msisimko wa chuma kinachotetemeka. Pembe ya kuishika, takriban nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi, hujipata yenyewe baada ya siku mbili au tatu: unaanza na kifuniko kikiwa kimelala shavuni, kisha unaushusha mpini polepole hadi makali yaguse. Nilipita mara mbili, mara zote kwa kufuata uelekeo wa nywele, na matokeo yake yalikuwa usafi unaokubalika mbele ya watu na shingo iliyotulia. Vipele viwili nilivihesabu katika siku kumi na nne, vyote upande wa kulia wa koo, mahali ambapo nywele zangu hugeuka na kuelekea sikioni.

Mnunuzi wa R89 ajue kwamba kichwa hiki kimesubuliwa kwa aloi ya zinki na kupakwa krome, kama ilivyo kwa mashine nyingi za bei ya kati. Aloi hiyo haina uvumilivu wa shaba wala wa chuma cha pua. Hesi ikazwe kwa vidole tu, wala mashine isiachwe kwenye ukingo wa sinki. Krome ikichubuka, unyevu hufika kwenye zinki na kuila, kwa hiyo kuikausha kwa kitambaa baada ya kunyoa ni wajibu, hasa kwa mvuke na joto la huku kwetu.

Kichwa cha meno kilikuwa cha tatu, na mtengenezaji wake simtaji kwa kuwa nililolipata linatokana na umbo lenyewe na matumizi yangu. Meno hayo yanafanana na ya kitana. Mashine za kwanza za Gillette zilikuwa nayo, na faida yake ni ya kweli: sabuni na nywele ndefu hupita katikati ya meno na kuyafikia makali bila kulazwa na kinga, kwa hiyo ndevu za wiki nzima huondoka kwa mpito mmoja kama nyasi chini ya fyekeo. Nilizifuga ndevu kwa siku sita makusudi ili kukipa haki yake, na siku hiyo kilifanya kazi ambayo hakuna kichwa kingine kati ya vitano kilichoiweza. Tatizo lilikuja siku zilizofuata. Hicho changu kilikuwa na mchomozo mkubwa, tena sehemu ya wembe iliyoachwa wazi nje ya ubanaji ilikuwa pana, na ngozi laini ya koo iliingia kati ya meno badala ya kulazwa. Nilitoka damu asubuhi nne kati ya kumi na nne. Usafi ulikuwa wa ajabu, kidevu hakikuwa na chembe hadi jioni, na siku ya tatu shingo ikawaka. Mwenye nywele zilizonyooka anaweza kukisifu kichwa kama hiki kwa haki. Sisi wengine, usafi huo ndio mwanzo wa maumivu.

Sasa nifike kwenye kichwa kilichonishangaza. Ni 37C ya Merkur, kutoka Solingen, mji wa Ujerumani uliojulikana kwa visu na mikasi karne nyingi kabla ya mashine hizi. Ukikitazama mara ya kwanza utadhani kimepinda kwa bahati mbaya, kwani kifuniko na bamba vimetengenezwa kwa mshazari, na wembe ukikazwa hujisokota kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mkata miwa hapigi panga lake kwa kulinyoosha sawa na bua. Huliteremsha kwa mshazari, na makali yakateleza huku yakikata, ndiyo maana bua hukatika bila kupondeka. Kichwa cha mshazari hufanya hivyo hivyo kwa unywele. Kuna jambo la pili ambalo husahaulika: bati likisokotwa huwa gumu zaidi kuliko likikunjwa upande mmoja tu, kwa hiyo kutetemeka hupungua sana. Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba mwanya hausemi ukweli wote, kwa sababu kwa macho mwanya wa 37C ni mkubwa kuliko wa R89, ilhali shingoni kilikuwa kitulivu karibu sawa nao, na kidevuni kilimaliza kazi kwa mpito mmoja na nusu.

Kichwa hiki kinadai mkono mwepesi. Uzito wa mashine yenyewe unatosha, na anayezoea kuzikandamiza nyembe za plastiki atajikata siku ya kwanza. Pia pande zake mbili hazifanani mkononi. Upande mmoja hutangulia kwa pembe ya kulia na mwingine kwa pembe ya kushoto, na ilinichukua siku tano kuacha kufikiria upande gani uko mbele. Kwa ndevu nene zilizosongamana, zile ambazo kinyozi huzilalamikia, nakiweka juu ya R89. Kwa anayeanza, hapana.

Cha tano, Rockwell 6S kutoka Kanada, kililetwa na mpwa wangu kutoka Dar es Salaam kwa treni, na bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu ya R89. Kimetengenezwa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu, kizima, bila krome ya kuchubuka. Ubunifu wake uko kwenye mabamba ya chini: ni matatu, kila moja linaweza kugeuzwa, hivyo mashine moja huwa na ngazi sita za ukali, kuanzia namba 1 yenye mwanya wa milimita 0.20. Kwa mwenye kufanya majaribio kama yangu hii ilikuwa neema, kwa sababu kifuniko, mpini na uzito havibadiliki, kinachobadilika ni bamba peke yake. Namba 1 ilikuwa pole mno hata kwa ngozi yangu, ikawa inateleza juu ya ndevu. Namba 3, yenye mwanya wa milimita 0.48, ndiyo iliyonikaa: mipito miwili, hakuna damu, kipele kimoja katika siku kumi nilizoitumia. Nilipopanda hadi namba 5 niliongeza usafi kidogo na vipele vingi, nikarudi haraka. Kichwa kizima ni kizito, na uzito huo humsaidia mtu kuacha kukandamiza. Waliozoea Tech nyepesi wataona kwamba mkono unachoka karibu na pua, mahali ambapo kichwa kinene hakigeuki kwa urahisi.

Neno moja kuhusu sabuni, kwa kuwa kichwa hakifanyi kazi bila povu. Nimetumia sabuni ya mawese inayotengenezwa hapa mkoani, niliyoikwangua na kuilowesha usiku kucha hadi ikawa kama uji mzito. Kwa maji ya bomba povu lake hukatika upesi kwa sababu nilizozitaja. Kwa maji ya mvua, yaliyokingwa kutoka bati, sabuni hiyo hiyo hutoa povu zito linalokaa usoni kwa muda wa mipito miwili. Majaribio yote niliyafanya kwa maji ya bomba ili vichwa vipimwe katika hali ambayo wengi wetu tunayo kila siku, lakini anayeweza kuweka ndoo ya maji ya mvua kwa ajili ya ndevu na aiweke.

Anayetaka kununua, kwanza aufunge wembe ndani ya kichwa, akiinue usawa wa macho kuelekea mwangani, na atazame mstari wa mwanga kati ya makali na kinga kwa pande zote mbili. Ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, airudishe kabla hajaondoka. Kwa kichwa cha mshazari mstari huo utakuwa wa pembe, lakini pande mbili zinapaswa kufanana zikigeuzwa. Kisha atazame kutoka ubavuni, aone kama kifuniko kinaugusa wembe karibu na makali au kimeuacha ukielea. Mtazamo huo wa pili ndio ambao ningetamani mtu angenionyesha miaka ishirini iliyopita. Nyembe zenyewe si tatizo, kwani pakiti zinapatikana katika maduka ya Mwanga na Ujiji, na kila wembe mimi huutumia mara tano kisha huutia katika kopo lenye kifuniko, usije ukamkata mzoa taka. Wembe na mashine havichangiwi, hata kwa ndugu wa damu.

Kwa mtu mwenye ndevu za kipilipili anayenunua mara moja tu, na ambaye fedha inamruhusu, nashauri Rockwell 6S kwa bamba namba 3. Ambaye haimruhusu achukue R89, aikaushe kila siku, na hatakuwa amepungukiwa sana. Mwenye ndevu nzito na mkono uliokwisha kuzoea atafute kichwa cha mshazari. Kwangu Rockwell ndiyo iliyobaki kwenye rafu ya bafuni kwa siku za kazi, na 37C huitoa Jumapili, ndevu zikiwa za siku mbili. Tech ya baba nimempa kijana wangu wa pili, ambaye ndevu zake zimeanza kuota mwaka huu, nikamwonyesha jinsi ya kulaza kifuniko shavuni kwanza, na nikamwambia asipite zaidi ya mara mbili.